Mkono utoke chini

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja kupimwa gauni la harusi ya mdogo wake. Akaketi kwenye benchi, na kabla sijashika futi, Zipu alikuwa ameshampanda mapajani. Zipu ni kuku. Yule mama aliruka akapiga yowe, pochi ikaenda huku, simu kule, na Zipu akabaki juu ya benchi akimtazama kwa jicho moja kama anayeuliza kosa lake ni lipi.

"Fundi, huyu kuku ana nini?"

"Hana kitu. Amekusalimia."

Nikampima kiuno huku nikijibu maswali ya kwa nini kuku wangu hawaogopi watu. Nawalisha nini? Nimewapa dawa? Au kuna mganga? (La mganga tulilicheka wote wawili, ingawa sidhani kama alikuwa anatania.) Maswali haya nimeyajibu hapa Walukuba mlangoni, bombani, hata msibani, kwa hiyo leo nayaandika nipumzike.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, chumba cha mbele, hapa Jinja. Baba alikuja mjini kutafuta kazi ya kiwandani, na mtaani Kiswahili ndicho kilichotulea, maana kila nyumba ilikuwa na lugha yake: Wasoga, Wajaluo, Wasamia, Walugbara, Wanubi. Ufugaji sikuusomea. Kuku niliowajua utotoni ni wale wa bibi, kuku wa kukimbizwa. Mgeni akifika, watoto watano tunamzunguka jogoo mmoja nyuma ya choo mpaka anachoka yeye au tunachoka sisi. Kuku kwangu alikuwa kitu kinachokimbia.

Kilichonifungulia mlango ni kufungwa kwa shule. Machi 2020 shule za Uganda zilifungwa kwa sababu ya korona, na wanafunzi wengi hawakurudi darasani mpaka Januari 2022. Binti yangu alikuwa na miaka saba. Mimi nakula kwa sare za shule, na nani angeshona sare wakati ule? Kwa hiyo nyumbani kulikuwa na cherehani iliyolala na mtoto asiyelala. Siku moja mwaka 2021 nikaingia kwenye duka la dawa za mifugo kumnunulia kaka yangu dawa ya kupe ya mbwa wake. Nikasikia vilio vidogo ndani ya boksi pembeni. Nikatoka na vifaranga kumi na wawili wa kuroila, shilingi 2,500 kila mmoja. Dawa ya mbwa niliisahau.

Kuroila, kwa asiyewajua, ni kuku chotara waliotoka India, na hapa Uganda waliletwa mwaka 2010. Wanachakura na kula makombo kama wa kienyeji ila wanakua haraka zaidi, na kwa tabia ni wapole. Upole huo usikudanganye. Jirani yangu alinunua wa kwake duka lilelile, siku ileile, na mpaka leo akifungua banda wanapigana vikumbo kama abiria wa teksi ya mwisho.

Boksi letu lilikuwa lile linalokuja na vitambaa vya jora, tukaning'iniza balbu juu yake. Wiki ya kwanza vifaranga wanataka joto la nyuzi 33 hadi 35 hivi, halafu unapunguza kama nyuzi tatu kila wiki mpaka waote manyoya. Kipimajoto sina. Wenyewe ndio kipimo. Wakijazana chini ya balbu na kulia kwa sauti nyembamba, wana baridi. Wakikimbilia pembeni, mabawa wameyatanua na midomo wazi, umewachoma. Wakitawanyika, huyu anadonoa, yule amelala kifudifudi kama amekufa (usishtuke, ndivyo wanavyolala), basi waache.

Usiku wa pili umeme ukakatika. Bwawa la Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954, nalifikia kwa boda kabla chai haijapoa, na bado usiku ule nilikuwa napapasa kutafuta mshumaa. Bwawa halina kosa, transfoma ya mtaa ilikuwa imeungua. Jirani akanishauri niingize sigiri ndani. Nikakataa. Makaa kwenye chumba kilichofungwa yanaua watu kimyakimya, na mimi na mtoto tulikuwa tunalala chumba hichohicho. Nilichemsha maji, nikajaza jerikeni ya lita tano, nikaifunga kwa shuka kuukuu na kuisimamisha katikati ya boksi. Walijipanga kuizunguka kama watu wanaoota moto. Kila baada ya saa tatu niliamka kubadilisha maji. Asubuhi mmoja alikuwa amekufa, yule mdogo aliyekuja na kitovu kibichi. Wakabaki kumi na mmoja.

Sasa tuje kwenye mkono, maana hapo ndipo penyewe.

Siku ya kwanza niliingiza mkono kutoka juu kuweka maji. Wote walikimbilia kona moja, wakapandana, wakalia kama naua mtu. Nikasema, hawajanizoea. Jioni nikaingiza tena, ikawa vilevile. Kesho yake vilevile. Nikaanza kuongea nao kwa sauti ya kubembeleza, nikawaimbia, nikawapa glukosi kwenye maji. Mkono ukionekana tu, kona.

Binti yangu yeye alikuwa akikaa sakafuni, kichwa chake sawa na boksi. Alikuwa ametoboa tundu ubavuni, la ukubwa wa kikombe, ili aone ndani bila kusimama. Siku ya tatu nilikuwa natia uzi kwenye sindano nikamsikia anacheka peke yake. Kuinama nikaona ameingiza mkono kwenye lile tundu, kiganja kimelala juu ya maranda, na vifaranga watatu wanamdonoa kucha. Kucha zilikuwa na rangi nyekundu iliyobanduka, na kifaranga hawezi kupita kitu kidogo chenye rangi bila kukidonoa. Hakuna aliyekuwa anakimbia.

Nilikaa nikafikiri. Macho ya kuku yako pembeni mwa kichwa, anaona huku na kule na anga lote kwa pamoja. Maadui zake wakubwa wanatoka wapi? Juu. Mwewe, kunguru, na yule kaloli, ndege mkubwa anayesimama juu ya jalala kama mzee wa kanisa, wote wanashuka. Kifaranga wa siku moja hajamwona mwewe bado, lakini kitu kinachomshukia kutoka juu anakijua tayari. Mimi kila siku nilikuwa naingia boksini kama mwewe, tena mwewe anayeimba.

Nikachukua mkasi nikakata ubavu mzima wa boksi, tukafunga wavu, tukaacha mlango mdogo chini kabisa. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu kuna sheria moja ya kuku: mkono utoke chini. Hata mgeni akija anaambiwa. Baba mtoto, anayeendesha lori la kwenda Elegu na kurudi, alikuja akakuta sheria imeshapitishwa. Alilala kifudifudi sakafuni na suruali yake ya kazi ili asalimie vifaranga. Picha ninayo.

Watu wananiambia: fundi, si ni ile habari kwamba kifaranga akikuona wa kwanza anakufanya mama yake? Habari hiyo ni ya kweli kiasi. Mwaustria Konrad Lorenz alifanya vifaranga wa bata bukini wamfuate yeye kama mama yao, na mwaka 1973 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel kwa utafiti wa tabia za wanyama. Lakini kifaranga wa dukani hakukuona wewe wa kwanza. Ameona mashine ya kutotolea, boksi, na mikono ya watu wenye haraka wakimhesabu. Anasafiri bila kula kwa sababu kiini cha yai kilichobaki tumboni kinamtosha siku mbili tatu, na anapofika kwako woga umeshaanza kumwingia. Ulichobakiwa nacho ni wiki mbili hivi za kujieleza. Ukizitumia vibaya, chakula cha miezi sita hakitakuombea msamaha. Ndicho kilichompata jirani yangu: vifaranga alimwachia shamba boi awamwagie chakula kutoka juu, mara mbili kwa siku, kwa haraka.

Namna tunavyofanya sasa ni hii. Asubuhi na jioni, dakika kumi, unalaza kiganja ndani ya boksi na chakula kidogo katikati. Hufanyi kitu. Kutofanya kitu ndiyo kazi ngumu. Kifaranga wa kwanza atakuja, atadonoa, atakimbia, atarudi. Atasimama juu ya vidole. Vidole vyako vitawasha kumfunga, maana ni laini na ana joto. Usifunge. Ukifunga mara moja tu wote wameona, na kesho unaanza upya. Siku ya tano au ya sita mmoja atapanda mpaka kwenye kifundo cha mkono. Utahisi nyayo zake, zimekauka na zina joto kama punje za mahindi zilizotoka kwenye kikaango. Akishazunguka mara mbili atakaa. Halafu mtazame jicho. Sisi tunafumba kwa kushusha kigubiko cha juu, kuku anafumba kwa kupandisha cha chini. Kile kingozi chembamba kinapanda polepole, kinakwama katikati, kinashuka ghafla akikumbuka kwamba yuko mkononi mwa mtu, kinapanda tena. Kikifika juu na kubaki, huyo ni wako. Mimi niliona jambo hilo kwa Bobini saa mbili usiku, mkono umekufa ganzi mpaka begani, na sikuuondoa.

Jambo la pili ni sauti. Kabla ya kuwapa chakula chochote, hata punje moja, nagonga kastabini yangu, ile kofia ya kidole ya kushonea, kwenye mfuniko wa kopo la maziwa. Ti-ti-ti, ti-ti-ti. Sikuipanga, ilikuwa tu kidoleni. Kufikia wiki ya tatu nikigonga hata nje walikuwa wanakimbia kwangu mabawa wazi. Nasema hivi kwa sababu kastabini hiyo itarudi.

Majina aliyatoa binti kutoka kwenye sanduku la ushonaji: Bobini, Lastiki, Kitenge, Pindo. Mmoja alikuwa na kichwa cheupe pe na mwili wa kahawia, akamwita Hajati. Mimi sikuona ubaya mpaka siku Hajati mwenyewe, jirani yetu wa ukuta, alipokuwa anapita na ndoo yake akamsikia mtoto anapaza sauti: "Hajati, toka kwenye mavi!" Ndoo ilisimama. Nilitoka nje nimeshika kichwa. Tangu siku hiyo kuku yule anaitwa Pamba, na Hajati wa kweli, Mungu amweke, alicheka siku tatu baadaye. Siku mbili za kwanza hakucheka.

Yaliyoharibika? Mengi. Kubwa lilikuwa la kwangu mwenyewe kama fundi. Maranda yalipoisha nilitandika vipande vya vitenge, nikaona nimepata matumizi ya mabaki. Kitambaa kilichokatwa bila kupindwa kinafumuka. Siku ya pili Kitenge alikuwa anachechemea. Nikamlaza chali kwenye kiganja, nikavaa miwani. Uzi mmoja wa zambarau ulikuwa umezunguka kidole cha katikati mara sijui ngapi, kidole kimevimba mbele kama kiazi na kugeuka bluu. Nimekata nyuzi miaka ishirini, na sijawahi kuogopa mkasi kama dakika ile. Mwishowe niliufumua kwa ncha ya sindano butu, mzunguko baada ya mzunguko, binti ameshika tochi na pumzi. Kidole kilipona, ila ukucha haukurudi. Tangu hapo ni maranda au maganda ya kahawa makavu, na chini ya cherehani nafagia mara tatu kwa siku, kwa sababu uzi wanaumeza pia. Wanadhani ni mnyoo.

Chanjo. Magonjwa yanayomaliza kuku ni kideri na Gumboro, na daktari wa mifugo alinipangia chanjo ya kideri siku ya 7, Gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21. Kwa mwenye kuku kumi na mmoja tatizo ni kichupa: kidogo kabisa nilichopata ni cha dozi 100, na kikishachanganywa hakingoji kesho. Kwa hiyo chanjo yangu ni ya mtaa mzima. Napita nawaambia siku, naibeba kwenye chupa ya chai yenye barafu, na tunachanja kwa Hajati, kwa mzee wa kona, mpaka kwa yule jirani wa vikumbo. Ile ya kwenye maji ya kunywa usitumie maji ya bomba yaliyotoka kutiwa dawa, klorini inaiua chanjo kabla haijafika kooni. Ile ya tone la jicho inabidi kumshika kifaranga kwa nguvu na kusubiri apepese, na hapo nina ujanja ambao sioni aibu kuusema: anayeshika ni mpwa wangu. Mimi sionekani. Ninatokea baadaye na dagaa wa mukene waliotwangwa. Mpwa wangu mpaka leo akiingia uani kuku wanajisogeza taratibu upande wa pili. Nimemwahidi shati.

Wiki ya nne walihara damu, dawa ikapatikana, wakapona. Kosa lilikuwa maranda yaliyolowa chini ya chombo cha maji. Siku hizi chombo nakiweka juu ya matofali mawili.

Wiki ya saba walitoka nje, na hapo ndipo nilipoelewa nilichowanyima. Kifaranga aliyelelewa na mama anafundishwa mambo mawili kwa pamoja: kuogopa watu, na kuogopa mbingu. Wangu nilikuwa nimewaondolea la kwanza, na la pili hawakuwa na mwalimu wake. Kuku mama ana sauti mbili za hatari, moja ya kitu kinachokuja kwa miguu, nyingine ya kitu kinachokuja kwa mabawa, na kwa hii ya pili vifaranga wanajibanza palepale. Wangu hawakuwa na mtu wa kuwaambia. Mwewe alizunguka juu ya mwembe wa Hajati kwa muda wa kutosha mtu kunywa chai, na kumi na mmoja wangu wakaendelea kuoga vumbi. Nilisikia tu upepo. Alimchukua Pindo mbele ya macho yangu, na nilichokiona mwisho ni miguu miwili ya njano ikipiga hewa. Siku hiyo nilishona mikono miwili ya kushoto kwenye blauzi moja.

Tukatandaza neti kuukuu za mbu juu ya kona ya ua. Iliyotuokoa zaidi ni bahati. Mmoja wa majogoo, tuliyemwita Askari, alipofika miezi minne alianza mwenyewe kupiga ile sauti, ndefu na nyembamba, shingo imepinda akitazama juu kwa jicho moja. Hakuna aliyemfundisha. Majogoo wengine wanne niliwauza Krismasi ya mwaka huo, ndiyo, na msiniulize kama nililia. Askari hauzwi. Mama yangu alipokuja kututembelea alimnyooshea kidole akasema, "Huyu, mwanangu, ni luwombo inayotembea," yaani mchuzi wa kupikwa ndani ya jani la mgomba, akaambiwa huyu ni mtumishi wa serikali.

Zile siku za mvua wadudu wadogo wa ziwani wanakuja kama moshi na kuanguka chini ya taa ya barazani. Hapo kuku wangu hawanijui mimi wala kastabini. Wanakula mpaka kifuko cha shingoni kinaning'inia upande.

Sasa niko kundi la tatu. Zipu ni wa kundi hili, na Kifungo ni wa kundi hili. Kifungo ndiye aliyenifanya niandike leo, si yule mama wa gauni.

Kifungo ni mdogo, mweusi, na kuliko wote aliokuja nao ndiye aliyelala mkononi kwanza, siku ya nne. Alipokua akawa anaingia ndani saa tatu asubuhi, anapanda kiti, kisha meza, anataga kwenye kikapu cha vipande na kuondoka. Kwa mtu yeyote anaenda. Muuza vitunguu, watoto wa shule, mtu wa kusoma mita, wote anawafuata, anachuchumaa akiguswa mgongo. Nilikuwa najivunia jambo hili. Ijumaa ya juzi saa nane mchana nilikuwa natia lastiki kwenye sketi, mlango wa uani uko wazi. Kilichonishtua ni kimya. Hakukuwa na kelele, hakukuwa na manyoya chini. Kuku wa jirani, wale wa vikumbo, mwizi akiwagusa mtaa mzima unajua. Wa kwangu mwizi aliinama tu, akatoa mkono chini, na kuku akapanda.

Hilo sikuwahi kulifikiria. Miaka minne nawafundisha kwamba mkono wa mtu ni mahali pa kulala, na sikuwafundisha mkono wa nani.

Binti, ambaye sasa ni mkubwa wa kunijibu, hakusema neno. Alileta kopo na mfuniko wake, akaniwekea mapajani. Kastabini ilikuwa kidoleni. Tukaenda masoko. La kwanza hakuna kitu. La pili, karibu saa kumi na moja, kulikuwa na matenga ya kuku yamepangwa kando ya njia, kila moja na kuku kama ishirini, midomo wazi kwa joto. Weusi walikuwa wengi. Nikagonga. Ti-ti-ti.

Kwenye tenga la tatu kichwa kimoja kiliinuka juu ya migongo ya wenzake. Akapita katikati yao, akawakanyaga, akafika kwenye fito na kudonoa kastabini yangu.

"Ssebo, huyu ni wangu," nikamwambia muuzaji.

"Nyabo, wote ni wako ukilipa. Elfu arobaini."

"Huyu ameibwa leo mchana. Tazama anavyokuja."

"Kuku wote wanakuja ukigonga. Wana njaa."

"Basi gonga wewe."

Akatoa sarafu ya shilingi 500, akagonga tenga la kwanza. Kuku walirudi nyuma wote kwa pamoja. Akagonga la pili, wakarudi nyuma. Nikagonga mimi la tatu, na Kifungo akanidonoa tena. Muuzaji alikaa juu ya kigoda chake akamtazama yule kuku kwa muda. Alisema amemnunua saa tisa kwa kijana wa baiskeli, pamoja na wengine wawili, na kwamba yeye pia ana watoto. Nilijua anasema kweli, na nilijua nikiita mgambo hatutamaliza leo. Akapunguza elfu kumi. Nikamlipa elfu thelathini kuku wangu mwenyewe, na yai lililotagwa asubuhi ile lilikuwa bado kikapuni nyumbani.

Kwenye boda alilala kifuani mwa binti. Lakini nyumbani sikumruhusu kuingia uani, na binti akanilaumu kweli. Soko la kuku ndiko kideri kinakopandia gari: kinyesi, manyoya, matenga yasiyooshwa, kuku ishirini wa kutoka pande ishirini wakipumuliana usoni. Kifungo amechanjwa, ila amekaa humo saa mbili, na sitaki kuzika kundi kwa sababu ya huruma. Siku kumi na nne peke yake. Chombo chake cha maji, chombo chake cha chakula, na mimi nabadilisha ndara na kunawa kabla sijaenda kwa wenzake. Mlango wa uani sasa una komeo, na ile sheria ya mkono wageni hawaambiwi tena.

Usiku wa kwanza alilia. Kuku aliyezoea watu akiachwa peke yake anatoa sauti ndefu inayopanda mwishoni, kama anayeita mtu kwa jina. Usiku wa pili nikasogeza tenga lake chini ya meza, miguuni pangu, nikawasha taa na kukanyaga cherehani. Alinyamaza kabla sijamaliza pindo moja.

Leo ni siku ya tisa. Anakula, kinyesi ni kizuri, shingo haijapinda kwa kideri. Saa hizi nimemfungulia kidogo, na amekuja kulala juu ya kanyagio, kifua chote, kigubiko cha chini kimepanda na kubaki. Kwa hiyo mwenye sketi tano za sare aliyeahidiwa kesho asubuhi, kama unasoma hapa, njoo jioni.